Kisiwa Nilichokipunguza Dukani

Vijana wa Mkolani, na ninyi wajukuu wangu mnaosoma kwa sauti ili wenzenu wasikie, kaeni vizuri. Mmeniuliza mara nyingi ilikuwaje nikaondoka kwenda harusini kwa barabara nikafika kwa maji, nguo zimelowa mpaka kiunoni, na mkononi nimeshika kopo badala ya zawadi. Kila mmoja amesikia kipande chake. Wengine mmekwisha kumpa mkwe wangu jina, mnamwita Mwalimu Nusu Njia, na mnadhani sisikii mkicheka kule bombani. Nasikia. Macho ndiyo yamechoka, masikio bado.

Basi nimeamua kuandika yote kwa mpangilio. Mimi nilisoma kisomo cha watu wazima tu, jioni, ndani ya ghala la pamba, kwa hiyo mwandiko wangu ni mkubwa na daftari hili litakwisha upesi. Mambo ya tiketi na nauli siandiki, hayana utamu. Naandika yaliyonichelewesha.

Mlangoni kwangu

Harusi ilikuwa ya Felista, binti wa marehemu kaka yangu. Katika ukoo wetu wa Ukerewe, binti hatoki kwao kwenda kuolewa mpaka shangazi yake amfunge kitenge kiunoni na kumwambia neno sikioni. Kaka yangu alipokuwa hoi kitandani alinishika mkono akasema, "Felista umfunge wewe. Asifungwe na Anastazia." Anastazia ni binamu yetu. Ana mdomo, na tangu tukiwa wasichana hupenda kukaa pale pale ninapotaka kukaa mimi. Nikamwahidi kaka yangu, naye akafa akijua nimeahidi.

Harusi ikapangwa Jumamosi. Wakwe wangekuja na mtumbwi wa injini kutoka upande wa Mara, na saa sita mchana wangeondoka na bibi harusi, maana alasiri upepo wa ziwa huamka na mawimbi hayana adabu. Nisipofika kabla ya saa sita, Anastazia angefunga. Hilo ndilo lililokuwa linaniwasha.

Shida ni kwamba mimi nilizaliwa upande wa Nansio, na kaka yangu alihamia Kagutwa akiwa mtu mzima, upande wa pili wa kisiwa. Kule nilifika mara moja tu, siku ya kumzika, ndani ya gari lililofunikwa turubai, nikilia. Njia sikuiona. Ndipo mkwe wangu, mume wa Rebeka binti yangu, aliposema ana ramani ya Ukerewe. Yeye ni mwalimu wa jiografia. Ramani aliichora kwa mkono wake kwenye karatasi pana kama sinia ya pilau, ya kubandika ukutani darasani.

Sasa mjue, mimi niliolewa Usukumani na Rebeka kaolewa huko huko, na kwa adabu yetu mama mkwe na mkwe wa kiume hawaketi wakatazamana. Hatupeani kitu mkononi, hatubishani. Kwa hiyo Mwalimu alisimama nje ya mlango wa jikoni, uso ameupeleka barabarani, mimi nikakaa ndani nyuma ya ukuta, na Rebeka akawa anabeba maneno huku anapuliza moto.

"Mama, anasema sentimita moja ya karatasi ni kilomita moja ya Ukerewe."

"Muulize sentimita ni mdudu gani."

Akatoka, akarudi. "Anasema ni upana wa ukucha wako wa kidole cha mwisho."

"Wangu au wake?"

Akatoka tena. Kisha Rebeka akaja amebana kicheko. "Anasema wako, Mama. Anaomba radhi, aliuona kwa bahati mbaya siku ya ubatizo."

"Haya. Aniambie basi ni kucha ngapi mpaka Kagutwa."

"Anasema upime mwenyewe kwa uzi, ufuate barabara na kona zake zote, ndipo utaelewa."

Ndivyo alivyo. Ukimuuliza saa, atakuambia angalia kivuli. Halafu nikasikia sauti yake inaendelea, maneno marefu, yanapanda na kushuka kama mahubiri. Kuni zilikuwa mbichi, moshi umejaa jiko zima, Rebeka anakohoa na kufuta macho. Mahubiri yalipokwisha akaingia akasema, "Anasema uitunze."

"Maneno yote yale ni hilo tu?"

"Uitunze, na usiikunje. Wiki ijayo anaitaka darasani."

Kutoka Mkolani mpaka mjini

Karatasi kama sinia, isikunjwe, ndani ya meli! Ilinishinda kuelewa. Nikapata akili yangu mwenyewe. Siku hizi za ruksa ya biashara kila mlango wa Nyamagana umekuwa duka, na karibu na soko kuna mtu ameleta mashine ya fotokopi, ameiweka kati ya sabuni na kanda za muziki. Nikasema nitatoa nakala, niende nayo, ile kubwa Rebeka aliyenisindikiza airudishe kwa mwenyewe.

Tulifika umeme umekatika. Ulikuwa wa mgao. Tukakaa kwenye benchi, tukaenda kula mapanki kwa mama lishe, tukarudi, tukakaa tena. Mapanki ni mifupa ya sangara. Nyama yenyewe inapanda ndege kwenda kwa Wazungu, sisi tunabaki na kichwa na mkia, na mtu bado anakuambia biashara imefunguliwa. Lakini mchuzi wake nausifu. Ule mchuzi ulikuwa na haki.

Umeme uliporudi, binti mwenye mashine akaamka kwenye usingizi wake. "Shikamoo bibi. Nikutolee kubwa hivi hivi?"

"Marahaba. Kubwa ya nini? Upepo wa ziwa utaondoka nayo. Nataka iingie kwenye kitabu changu cha sala."

"Nikiipunguza mara moja bado itazidi."

"Punguza mara mbili. Unamwonea huruma nani?"

Ile mashine ikanguruma, ikamulika, ikatema. Akaipitisha tena ile iliyotoka. Mwishoni nikapewa Ukerewe nzima, safi, imekaa kwenye karatasi ninayoweza kuikunja mara moja tu. Nikaikagua kama ninavyokagua mchele. Nansio ipo. Barabara ipo, na daraja, na shule, na Kagutwa yenyewe pembeni mwa ghuba. Chini kabisa maandishi yamekuwa madogo kama sisimizi, lakini yanasomeka: sentimita moja ni kilomita moja. Na chini yake kuna mstari wenye vijialama kama ngazi iliyolazwa, sifuri upande huu na kumi upande ule. Huo nikaudhani ni pambo.

Nikatoa uzi wa nyavu, nikaulaza juu ya barabara kutoka Nansio, kona kwa kona, mpaka Kagutwa. Kisha nikaunyoosha na kuhesabu kucha. Kumi na mbili.

"Kumi na mbili tu!" nikamwambia Rebeka. "Na watu wanasema Kagutwa ni mbali. Wavivu hawa."

Binti wa mashine akasema, "Karatasi ni karatasi, bibi." Nikamwambia awahudumie wateja wengine. Hakukuwa na mwingine.

Kutoka Mwanza mpaka Nansio

Meli ilichelewa kwa sababu ya makochi. Kuna bwana alinunua makochi mapya, seti nzima, na hakukubali yalazwe ubavu. Akabishana na wapakiaji mpaka wakayapanga sitahani kama sebule, naye akakaa katikati, mguu juu ya mguu, akatazama Mwanza ikibaki nyuma kana kwamba ni picha ya ukutani kwake. Wazee walimsalimia. Mimi nilimwomba anipishe, nikakaa kochi la pili, na hakuthubutu kukataa.

Pembeni yangu, juu ya robota lake la mitumba, alikaa mama mmoja mnene mwenye sauti ya sokoni. Mama Suzi. Mimi nilikuwa na matobolwa, viazi vitamu vya kuchemshwa na kukaushwa, yeye alikuwa na sato wa kukaanga, tukaunganisha.

"Unaishia Nansio, mama?" akaniuliza.

"Naendelea Kagutwa. Namfunga kitenge binti wa kaka yangu kesho."

"Felista! Mimi ni jirani yao! Basi twende pamoja. Kuna pikapu inaondoka Nansio saa kumi na mbili asubuhi."

"Nitatembea. Kilomita kumi na mbili ni za kunyooshea miguu."

Akaacha kutafuna. "Nani kasema ni kumi na mbili?"

Nikatoa kitabu cha sala, nikafungua karatasi. Mama Suzi akaiinua juani, akaigeuza, akaisogeza mbali na uso.

"Mama, hii Ukerewe uliifua kwa maji ya moto? Mbona imesinyaa?"

Watu wakacheka mpaka yule bwana wa makochi. Nikamwambia hiyo ni kazi ya mwalimu wa serikali, si ya muuza nguo.

"Usikasirike," akasema. "Nilikuwa na sweta ya sufu, nzuri, kubwa, nikailoweka kwenye maji ya moto. Ilipotoka inamtosha mtoto wa kubatizwa. Lakini lebo ya shingoni bado inasema ni ya mtu mnene! Nikaipeleka mnadani, mteja anasoma lebo, anasema naichukua. Kuivaa sasa!"

Walicheka tena. Mimi sikucheka. Nilikula sato wake nikatazama maji.

Kutoka Nansio mpaka shuleni

Nililala kwa wifi yake Mama Suzi. Asubuhi ile pikapu ikapiga honi nje mpaka kuku wakaruka. Mama Suzi akagonga dirisha. "Mama, panda! Nafasi ipo kwenye magodoro!"

"Tangulia ukawaambie nakuja."

"Kwa miguu?"

"Kwani hii ni mikono?"

Akaondoka akitikisa kichwa. Nikanywa chai, nikala muhogo wa kuchemsha kwa dagaa, nikaomba nyongeza. Hesabu yangu ilikuwa safi: nianze saa mbili, kilomita nne kwa saa, saa tano niko Kagutwa, nanawa, nabadili nguo, na Anastazia ananikuta nimeketi.

Barabara ilikuwa nzuri, mawe makubwa huku na huku, michungwa imezaa. Ramani ilisema daraja liko kwenye ukucha wa tatu. Nikatembea saa nzima. Daraja halipo. Nikakaza mwendo. Daraja halipo. Nikamkuta bwana mmoja anachimba mtaro kando ya njia.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Daraja lilihamishiwa wapi?"

Akaegemea jembe. "Daraja?"

"Ndiyo. Lilikuwa hapa."

"Bibi, mimi nimezaliwa nikalikuta lipo mbele, bado kidogo. Halijaenda popote."

"Basi nyinyi mmezaliwa mkalikuta mahali pabaya," nikamwambia, nikapita.

Nililifikia daraja baada ya saa moja na nusu. Nikalitazama kwa hasira. Nikajiambia labda nimezeeka, natembea kama kobe. Nikamkimbilia mwanamke aliyebeba ndizi, nikampita, ili nijipime. Sikuwa kobe. Basi kosa ni la Mwalimu. Kutoka pale mpaka shuleni nilimsema Mwalimu njia nzima, peke yangu, kwa sauti. Nikasema mtu anayeshindwa kumwambia mama mkwe wake jibu moja, anawafundisha nini watoto wa watu?

Shule ilikuwa kwenye ukucha wa nne na nusu. Nilipoifikia jua lilikuwa limepanda, saa nne na robo kwa saa ya mwalimu wa zamu aliyekuwa anamwagilia bustani. Nikaketi juu ya jiwe, nikavua viatu. Miguu inawaka. Nikatoa karatasi niitukane usoni.

Ndipo nikaiona ile ngazi iliyolazwa. Sifuri, kumi, na pembeni yake neno kilomita. Kumbe si pambo, ni kipimo. Nikailazia uzi, nikaupima kwa ukucha. Tano. Nikarudia. Tano. Juu maneno yanasema kilomita kumi ni kucha kumi. Chini mstari unasema kilomita kumi ni kucha tano. Karatasi moja, midomo miwili.

Nilikaa pale kama dakika kumi, na msinicheke, maana hata ninyi mngekaa. Nikamkumbuka Mama Suzi na sweta lake. Sweta limesinyaa, mikono imesinyaa, shingo imesinyaa, lakini lebo imebaki inajisifu. Mashine ilipokipunguza kisiwa ilipunguza na barabara, ikaupunguza na ule mstari, vyote kwa pamoja, kwa hiyo mstari bado unasema kweli. Maneno ndiyo hayawezi kusinyaa. Herufi zake zilikuwa ndogo, lakini "moja" ni "moja" hata uliandike dogo kama chawa. Mwalimu alichora sawa. Aliyesema punguza mara mbili, unamwonea huruma nani, alikuwa mimi.

Kwa hiyo ukucha mmoja ulikuwa kilomita mbili. Nilikuwa nimetembea tisa, na zimebaki kumi na tano. Hata ningekimbia nisingefika saa sita.

Kutoka shuleni mpaka majini

Mtu akishajua kipimo cha kweli, karatasi inaanza kusema mengine. Niliulaza uzi tena kutoka shuleni mpaka Kagutwa. Barabara inazunguka ghuba yote kama mkono unaokumbatia mtungi: kucha saba na nusu. Kisha nikauvuta uzi moja kwa moja juu ya maji. Kucha mbili. Kilomita nne! Mimi ni mtoto wa mwambao, niliendesha mtumbwi kabla sijajua kufunga kanga. Nikavaa viatu.

Chini ya shule, ufukweni, mwanamke mmoja alikuwa anaanika dagaa kwenye mawe. Jina lake Nyanjura. Alinisalimia kabla sijafika, nikampa shida yangu kwa maneno machache.

"Mtumbwi upo, bibi," akasema, "lakini unavuja."

"Unavuja kiasi gani?"

"Kiasi cha mtu mmoja kupiga kasia na mmoja kutoa maji."

"Sisi ni wangapi?"

Akatazama kushoto na kulia, akacheka. "Tuko wawili."

"Basi umetengenezwa."

Akaita mwenzake aangalie dagaa, tukasukuma. Nilianza na kasia, nikapiga mpaka mabega yakaniuliza maswali, kisha tukabadilishana nikashika kopo. Maji yaliingia kwa utaratibu, hayakuwa na haraka, lakini hayakupumzika. Nyanjura alitaka habari za Mwanza: kweli viwanda vya samaki vinanuka mpaka kanisani? Nikamwambia vinanuka mpaka kwenye sadaka. Tulipofika katikati ya ghuba upepo ukaanza kugusa maji, vijipele vidogo vidogo. Saa sita haijafika, nao umeamka.

"Wenye injini wataondoka mapema leo," Nyanjura akasema.

Nilitupa maji nje kama mtu anayezima moto.

Kutoka majini mpaka mchangani

Tulipozunguka mawe ya mwisho nikauona mtumbwi wa wakwe. Haukuwa umetulia, walikuwa wanapakia. Sanduku la Felista limekwisha kuingia. Watu wote wameshuka ufukweni, vigelegele vimekufa vyenyewe, na katikati ya duara Felista ameketi chini mchangani, miguu ameinyoosha mbele, kama mtoto aliyesusa uji.

Anastazia amesimama juu yake na kitenge mikononi. Lakini utamfungaje mtu kitenge kiunoni ameketi? Anamvuta mkono, Felista anazidi kuwa mzito.

"Simama, mwanangu, wakwe wanatazama!"

"Nimesema namsubiri shangazi."

"Na mimi ni nani? Jirani?"

"Mama Suzi amesema yuko njiani. Anakuja na karatasi."

Mjomba wa bwana harusi, mzee mrefu wa Kijita, alikuwa anatazama mawimbi halafu anatazama saa, halafu mawimbi. "Jamani," akasema, "ziwa halimsubiri shangazi. Tukikaa nusu saa zaidi tutarudi bila bibi harusi na bila injini."

Ningefuata barabara, vijana, hata kwa kukimbia, ningeikuta nyumba tupu na ufukwe mtupu. Badala yake mtumbwi wetu ukafika pembeni ya ule wa wakwe, nikashuka kabla haujagusa mchanga, maji yakanifika kiunoni. Mama Suzi ndiye aliyeniona kwanza. Akapiga kigelegele ambacho nadhani kilisikika Nansio.

"Shangazi wa mjini!" Anastazia akasema. "Umekuja na meli yako mwenyewe?"

"Nipe kitenge."

"Umelowa."

"Kitenge kikavu, mimi nimelowa. Kinachofungwa ni kitenge."

Felista alisimama kabla sijamfikia. Nikakichukua, nikamfunga, nikavuta fundo likakaa sawasawa, nikainama sikioni mwake nikasema neno la kaka yangu na neno langu. Hayo siyaandiki, ni ya kwake. Alilia kidogo tu, akanishika shingo, na maji yangu yakamlowesha begani. Hakuna aliyeona vibaya.

Lakini Anastazia hakuwa amemaliza. Watu wametulia, kila mtu anasikia, akauliza, "Sasa ulichelewa wapi, dada? Mbona wenzako walifika asubuhi?"

Hapa ndipo pabaya. Nilikuwa nimekwisha kujua ukweli tangu juu ya lile jiwe la shuleni. Nikawatazama wakwe, nikamtazama Anastazia anavyotabasamu, na mdomo wangu ukasema, "Mkwe wangu Mwalimu alinipimia nusu ya njia."

Wakaangua kicheko. Mjomba wa bwana harusi akasema, akipanda mtumbwini, "Mkwe wa namna hiyo mlimpaje mke?" Na mimi nikacheka nao. Injini ikawaka, Felista akapunga mkono mpaka wakawa nukta, nami nikala wali na kuku wa harusi kama mtu asiye na dhambi.

Kurudi Mkolani

Nilirudi kwa pikapu, juu ya magunia ya machungwa, nikitazama daraja likipita mahali pake. Lakini neno langu lilikuwa na miguu kunishinda. Mama Suzi hupita sokoni Mwanza kila wiki. Nilipofika Mkolani tayari mlikuwa mnamwita Mwalimu Nusu Njia, hata wanafunzi wake walikuwa wanamwita hivyo nyuma ya darasa. Mmoja alimuuliza kama mtihani atawapimia nusu.

Nikangoja alalamike. Hakulalamika. Angewezaje? Mkwe hambishii mama mkwe wake, hata akiwa na ukweli mkononi. Rebeka alikuwa ameitoa ile nakala kwenye kitabu cha sala, akaenda nayo kwao ikauke, na Mwalimu akaiona mezani. Akaleta rula yake. Akapima mara moja, Rebeka anasema, akatabasamu, akachukua penseli. Jioni Rebeka akanirudishia karatasi. Hakukuwa na neno lolote. Ile ngazi iliyolazwa ilikuwa imepigiwa mstari chini, mara mbili, kwa mkono mwepesi, kama anavyosahihisha madaftari ya watoto.

Nikamuuliza Rebeka, "Siku ile mlangoni, alisema nini hasa?"

Akaangalia sakafu. "Alisema mengi, Mama. Kwamba usiikuze wala usiipunguze, na ukiipunguza ufuate mstari usifuate maneno. Moshi ulikuwa mwingi."

"Ukaniambia nitunze."

"Nilifupisha."

Sikumgombeza. Nani angemgombeza mwenzake kwa kufupisha, nyumba ile?

Kwa hiyo jueni, na mkasomee bombani kwa sauti ile ile mnayochekea: Mwalimu alipima njia nzima. Niliyeikata nusu ni mimi, dukani, na niliyemsingizia mbele ya wakwe ni mimi, nikijua. Kwenda kwake na kumwambia siwezi, adabu hainiruhusu, na kusema kweli hata ingeniruhusu ningetafuta sababu nyingine. Tangu mume wangu afariki, firigisi ya kuku yeyote anayechinjwa nyumbani kwangu ninaila mwenyewe, sijawahi kumgawia mtu, na mnajua. Jumapili hii nimewaita wote jikoni nikawaambia: mchinjeni yule jogoo mwekundu, firigisi apelekewe Mwalimu nzima, kwenye sahani ya peke yake, na akiuliza ni sikukuu gani, mwambieni ale.